Karatasi ya Muhula: shajara ya kupeleka habari za sekondari mpaka kwa anayemlea mtoto

Naandika hii ili shule nyingine ya kata ikitaka kufanya kitu kama hiki isianze sifuri kama tulivyoanza sisi. Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo: kila muhula mzazi apate karatasi moja yenye tarehe za shule, nini kinadaiwa na nini hakidaiwi, matokeo yanasomwaje, na ushauri kidogo wa malezi. Tupo mlimani huku Moshi Vijijini, shule ni ya kutwa, familia kama 260. Mimi ni mzazi, fundi cherehani, kibanda kipo njia panda na kila mtu anapita hapo, ndo maana ukatibu ulinidondokea mimi. Naongeza chini kila hatua ikiisha.

11 Januari. Kwa nini

Mwezi huu nimeshona sketi na suruali mpaka macho yamekuwa mekundu, na kila anayeleta mtoto kupimwa anakuja na swali lake. Eti fundi, ada imerudi? Eti kuna hela ya dawati? Eti wanafungua Jumatatu hii au ijayo? Mimi nashona tu jamani. Nikawa najibu ninachokijua: ada ya sekondari za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, kutwa ilikuwa elfu 20 kwa mwaka na bweni elfu 70, kidato cha tano na sita wakafuatia mwaka wa fedha 2022/23. Ila sare, madaftari, matibabu, nauli na chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi toka siku ya kwanza, imeandikwa kwenye waraka wa 2016. Watu wengi walisikia neno "bure" wakaishia hapo, na wengine ndo wanalipa hata wasichodaiwa kwa sababu hawataki kelele.

Nikaenda shuleni na mwenyekiti wa wazazi. Mkuu wa shule akatusikiliza mpaka mwisho akasema, "Mama, barua tunaandika kila muhula, tunawapa watoto." Nikamuuliza na zinafika? Akacheka.

Kitu kingine ambacho mtu wa mjini anaweza asikione: huku watoto wengi wanakaa na bibi au babu. Baba yupo Dar, mama yupo Arusha anauza duka, namba ya simu iliyoko kwenye fomu ya kujiunga ni ya baba wa Dar, na anayemwamsha mtoto asubuhi ni bibi wa miaka 70 aliyeko kihambani, shamba la migomba la nyumbani, na ng'ombe wawili. Habari inaenda Dar, inakaa huko. Kwa hiyo tukakubaliana mlengwa wetu ni yule anayelala nyumba moja na mtoto, hata kama hela inatumwa na mwingine.

25 Januari. Toleo la kwanza, na saini za ajabu

A4 mbele na nyuma. Mbele tarehe za muhula, mambo ya sare na ratiba ya vikao, nyuma nasaha kwa wazazi iliyoandikwa na mwalimu mstaafu wa hapa kwetu, Kiswahili chake kitamu kweli ila ndefu. Chini tukaweka kipande cha kukata mzazi asaini mtoto arudishe. Fotokopi mjini, steshenari moja karibu na stendi, kurasa 2 kwa familia 260 kwa sh 60 kila ukurasa, jumla 31,200. Kuchapa bure, nilichapa mwenyewe.

Vipande vikarudi haraka na vingi, tukafurahi. Nikakaa na mwalimu wa malezi tunavipanga kidato kwa kidato, mara akashika kimoja akakisogeza dirishani. Jina la bibi mmoja jirani yangu kabisa. Sasa huyu bibi hajui kuandika, kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, anaweka dole gumba na mimi ndo huwa namsogezea kile kidude cha wino. Kwenye kipande saini yake ina mzunguko na mkia mrefu kama ya gavana kwenye noti. Tukarudi nyuma kuangalia vingine, kalamu ileile ya kijani, mkia uleule, familia kibao za kidato cha tatu. Kumbe kuna kijana darasani anasaini wenzake kwa sh 200 kila kimoja, na ana daftari la wadaiwa.

Nilipomwonyesha bibi, alikishika kwa mbali akauliza, "Hii ndo mimi?" Nikamwambia ndo wewe bibi. Akasema nimwachie, anataka kumwonyesha mjukuu wake wakati wa kula.

Mwalimu wa nidhamu alitaka mambo yake. Mwalimu wa malezi akasema huyu mtoto ana mwandiko mzuri kuliko sisi wote, apewe adhabu ya kuandika. Mtaona baadaye alikofikia.

Kilichokufa hapa: kumtumia mtoto kama posta. Kipande cha saini tumekitoa kabisa, hakipimi chochote. Na karatasi zetu nyingine nilizikuta kwa mama wa karanga, zimeshakuwa koni.

2 Februari. Grupu la WhatsApp

Hili kila mtu alilisema toka mwanzo, "si mfungue grupu". Tukafungua. Siku ya kwanza salamu, ya pili maombi, ya tatu picha za maua na asubuhi njema, halafu vifaranga chotara, halafu mkopo wa dakika tano, na tangazo la kikao liko juu huko hakuna anayelipandia. Dawa yake ni nyepesi: grupu la matangazo wanaandika maadmini tu, na tukafungua la pili la porojo ambalo mimi nimelizima mlio. Kitu kingine, msitume PDF. Simu nyingi haziifungui vizuri na watu wanaogopa bando, piga picha karatasi yenyewe ikiwa kwenye mwanga mzuri tuma picha.

Grupu limewafaa sana wazazi wa Dar na Arusha. Bibi mwenye kitochi, simu ndogo isiyo na intaneti, halijamgusa.

Wiki hiyohiyo kukawa na ugomvi. Matokeo ya kidato cha nne na upimaji wa kidato cha pili yalikuwa yameshatoka, mtu akaweka kwenye grupu orodha ya majina na nani wa mwisho. Mama mmoja akajitoa bila kusema neno, mwingine akasema maneno yote. Tukafuta, na tukaweka sheria: karatasi yetu haitaji jina la mtoto wala nafasi yake, hata akiwa wa kwanza. Mwalimu wa taaluma alituunga mkono, akasema hata NECTA wenyewe, baraza la mitihani, toka Januari 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sio kitu cha kuchezea. Mzazi anayetaka matokeo ya mwanae anaitwa peke yake.

15 Februari. Meseji za jumla, na herufi iliyokula hela

Hii naiandika kirefu kwa sababu ndo iliyotuuma mfukoni na nina hakika mwingine ataingia hapohapo.

Tukaamua kwa wenye vitochi tutume meseji za jumla kupitia kampuni ya mtandaoni. Unanunua salio, unapakia namba, unaandika, unatuma. Bei yetu sh 22 kwa meseji moja, mara 260 ni 5,720, rahisi kuliko fotokopi. Mimi nikaandika ujumbe kwenye Word pale steshenari, nikaupenda, nikaunakili ukaenda. Ulikuwa unasema kikao ni Jumamosi saa 3 asubuhi ili mtu awe ameshakata majani ya ng'ombe. Nilihesabu herufi, hazikufika 160, nikajua ni meseji moja.

Salio likakatwa 17,160.

Nikadhani tumeibiwa. Kijana wa steshenari akaangalia akasema, "Mama, hiyo alama yako ya ng'ombe ndo imekula hela." Iko hivi: meseji ya kawaida inabeba herufi 160 zikiwa zile za kawaida tu. Ukiingiza herufi moja tu isiyomo kwenye ule mfumo, emoji kwa mfano, au ile alama ya juu iliyopinda ambayo Word inaiweka yenyewe ukiandika ng', basi ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine na uwezo unashuka mpaka herufi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67 na kila kipande kinalipiwa. Wangu ukawa vipande vitatu. Ile alama iliyonyooka haina shida, ni ile iliyopinda tu. Na sisi kwa Kiswahili chetu ng' haikwepeki, ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, kwa hiyo andika ujumbe moja kwa moja kwenye ukurasa wa kutuma meseji, usinakili kutoka Word, na kabla hujabonyeza tuma angalia pale panapoonyesha ujumbe ni vipande vingapi. Kama pameandikwa 3 wakati maneno yako ni machache, tafuta alama iliyopinda au emoji.

La pili. Ujumbe ulifika ukiwa na jina la mtumaji la ajabu ajabu, sio la shule, na wazazi wakajua ni matapeli. Nisiwalaumu, maana kuna mama hapa alishapigiwa simu kwamba mwanae kaanguka shuleni yupo hospitali, tuma hela ya dawa haraka, akatuma, mtoto yupo darasani anasoma Jiografia. Tukarekebisha hivi: tuliomba kusajili jina la mtumaji, wanataka barua ya shule yenye mhuri na inachukua siku kadhaa, kila ujumbe unaanza na jina la shule, na kwenye karatasi tumeandika kwa herufi nene kwamba shule haiombi hela kwa meseji, ukipigiwa kata, piga namba ya shule hii hapa. Hilo sanduku dogo la utapeli ndo limesifiwa kuliko nasaha zote za mwalimu mstaafu.

1 Machi. Mlisikia wapi?

Kikao kilifanyika 22 Februari na watu walikuja kuliko kawaida. Mwenyekiti akafanya kitu cha maana sana, kabla ya ajenda akauliza mkono juu nani kasikia wapi. Karatasi ya mtoto, mikono ya kuhesabika. Meseji, wastani. Kanisani na msikitini, wengi. Halafu mzee mmoja nyuma akasema yeye kasikia mashine ya kusaga, na ukumbi mzima ukaanza "na mimi", "hata mimi".

Kumbe mama mmoja aliacha karatasi yake juu ya mizani pale mashineni, na watu wanaosubiri unga wana muda, wakaisoma mpaka tarehe wanazijua kwa kichwa.

Kanisani napo kuna namna. Tangazo letu la kwanza lilikuwa aya nzima, msomaji akaona anachelewesha ibada akasoma la mchango wa chakula tu, watu wakadhani kanisa linachangisha. Sasa tunapeleka sentensi moja, siku, saa, mahali, basi. Jumapili makanisani, Ijumaa msikitini, na jumuiya za wiki kule watu wanakaa wachache na wanaweza kuuliza. Haina gharama.

8 Machi. Vibao

Kwa hiyo badala ya karatasi 260, vibao 12 mahali watu wanaposubiri. Mashine za kusaga, zahanati, genge, kituo cha hiace, ofisi ya mtendaji, kinyozi, kibandani kwangu. Kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, nilikitaka sana kwa sababu wanaume wa hapa utawapata wapi pengine jioni, mkuu akakataa nembo ya shule kuning'inia pale na hilo nikalielewa, tukaweka kwa mangi wa duka anayetazamana na kilabu. Wanatoka wanasoma, tena kwa sauti.

Mbao ni mabaki ya fundi seremala, bure. Misumari ya sh 2,000. Klia bagi 12 kwa sh 500, jumla 6,000. Nilitaka kufanya laminesheni lakini ni sh 1,000 kila moja na mwezi ujao unatupa, haina maana. Klia bagi unabadilisha karatasi tu. Ila ukiigongomea mdomo juu maji yanaingia, ukiigongomea mdomo chini karatasi inadondoka. Tulichofanya ni mdomo chini, halafu ule mfuniko unaukunja nyuma unaubana na misumari miwili ya bapa. Na gongomea chini ya upenu.

Herufi tumepandisha mpaka 16, vichwa vya habari 24. Bibi wa dole gumba hasomi, lakini babu wa jirani anasoma na alikuwa analalamika karatasi ya kwanza "imeandikwa na sisimizi".

Vichwa vya habari vya vibaoni vinaandikwa kwa mkono na kalamu ya maka, na mwandishi ni yule kijana wa saini. Analipwa soda.

29 Machi

Mvua. Wamefunga likizo fupi. Kibao cha kituo cha hiace kimeondoka na upepo, vingine vizima.

12 Aprili. Nasaha zilivyobadilika

Nasaha za toleo la kwanza zilikuwa nzuri lakini zinaweza kusomwa kwenye mahafali yoyote: mzazi kuwa karibu na mwanao, mzazi fuatilia maendeleo. Kuna mama aliniuliza huku namvalisha kanzu ya sendoff ya mdogo wake, "Sasa fundi, hayo maendeleo nayafuatiliaje, nimeishia la saba?" Swali zuri kuliko nasaha. Nikatoboa kopo la biskuti, nikaliweka kibandani, mtu aandike swali au aniambie nimwandikie, bila jina. Mwalimu wa taaluma na mwalimu wa malezi wanajibu, mimi nafupisha. Haya ndo yaliyojaa.

Kusoma matokeo ya kidato cha nne. Tumeandika hivi: A ni kuanzia 75 na inahesabiwa pointi 1, B kuanzia 65 pointi 2, C kuanzia 45 pointi 3, D kuanzia 30 pointi 4, chini ya hapo F pointi 5. Wanachukua masomo 7 aliyofanya vizuri wanajumlisha, kwa hiyo pointi zikiwa chache ndo vizuri, na hapa ndo wengi walikuwa wanachanganya, mtu anasikia 30 anafurahi. 7 mpaka 17 ni divisheni wani, 18 mpaka 21 tuu, 22 mpaka 25 thrii, 26 mpaka 33 foo, 34 na 35 ziro. Mfano uliopendwa: mtoto mwenye C saba ana 21, hiyo ni divisheni tuu, mwenye D saba ana 28, hiyo ni foo. Pointi moja moja tu kwenye kila somo, ndo tofauti yote hiyo.

Mzazi mmoja kijana wake ana 28 na nyumbani walishamkatia tamaa. Jibu: kwenda kidato cha tano anatakiwa angalau C tatu, hana, lakini D nne bila kuhesabu somo la dini zinampa mlango wa cheti kwenye vyuo vya kati, na VETA, chuo cha ufundi, ipo hapohapo Moshi mjini. Na wale wenye C zao, baada ya matokeo TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform mwanafunzi akabadilisha tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano, au chuo alichojaza akiwa shuleni, wazazi wengi hawajui kama inabadilishwa. Wanajua PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) tu, wakati 2024 zilitangazwa tahasusi mpya zikafika 65. Mtoto akae na mwalimu wa taaluma kabla mfumo haujafungwa, asijaziwe na binamu huko kwenye kibanda cha intaneti.

Kidato cha pili. Kuna wazazi wanadhani ule upimaji ni wa kujaribu tu. Asiyefikia kiwango anakariri. Tumeandika hivyo tu, bila mapambo, na kikao kilichofuata wazazi wa kidato cha pili walijaa.

Majani ya ng'ombe. Hili lilizua mjadala na nadhani ndo la maana kuliko yote. Mwalimu alitaka tuandike mtoto asipewe kazi za nyumbani. Nikamwambia mwalimu, ukiandika hivyo hakuna atakayeendelea kusoma chini yake, ng'ombe hajui muhula, na maziwa ndo yanayonunua daftari. Tukaandika: majani yakatwe mchana akitoka shule, na usiku kuanzia saa 1 mpaka saa 2 ni saa ya taa, asitumwe dukani, asiitwe kukamua, redio ipungue. Saa moja. Bibi anaweza kuilinda saa moja hata kama hajui Fizikia. Wameniambia wengine wanaanza saa 2 mpaka 3 kwa sababu ya kukamua, sawa, saa ni saa.

Wasichana. Maswali ya hedhi yaliletwa kwa kunong'ona, nikayaandika mimi. Tumesema wazi kwamba mtoto akikosa pedi anakosa shule na kwenye bajeti ya muhula iwekwe kama daftari. Tumeandika pia kwamba toka Novemba 2021 serikali iliruhusu aliyekatisha masomo kwa ujauzito arudi shule, kwa hiyo baba usimfungie ndani wala usimwozeshe, na kwamba kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30, sheria ilirekebishwa 2016, hakuna cha kumalizana kwa mbuzi na mbege. Kuna wazee walikasirika na hiyo sentensi ya mbuzi. Imebaki. Chini yake namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, bure.

17 Mei. Debe la mahindi na kalenda ya shamba

Hapa karatasi ilishindwa na meseji zikashindwa mpaka tulipoangalia shamba.

Chakula cha mchana shuleni ni makande. Mzazi anachangia mahindi na maharage au hela yake. Kila Januari shule inaomba, kila Januari wachache wanatoa, na tulidhani habari haifiki. Ikafika sasa, kila kibao kimeandikwa, na bado. Mama mmoja akanieleza taratibu kama anaeleza mtoto: Januari mtu ametoka Krismasi, ndugu wote walikuwa hapa, amenunua sare, na mahindi ya shamba la chini ndo yameisha au yamebaki ya mbegu, mvua za masika anapanda Machi, anavuna Julai Agosti. Debe la Januari ananunua sokoni bei ya juu. Debe la Agosti analitoa ghalani.

Tukapeleka kwenye bodi ya shule. Imekubaliwa mchango wa mwaka mzima wa mahindi upokelewe Agosti na Septemba baada ya mavuno, maharage vilevile, na asiye na shamba alipe kidogo kidogo kila mwezi. Ghala ni chumba cha maabara ambacho hakijaisha, mwalimu wa kilimo anasema kikaushwe kwanza na magunia yakae juu ya mbao yasiguse sakafu wala ukuta. Kuna mzazi ameahidi mifuko ya kuzuia wadudu ile ya tabaka ndani, tusubiri.

Muhula huu uliobaki watoto wanakula kwa kuungaunga. Sio wote.

7 Juni. Muhula umefungwa, hesabu

Toleo la kwanza lilitugharimu 31,200 za fotokopi na 17,160 za meseji, jumla 48,360, na halikufika. Toleo la sasa: nakala 100 upande mmoja kwa sh 60, 6,000, zinazokwenda vibaoni na kwenye jumuiya na VICOBA, meseji 5,720, boda ya kuzungusha 3,000. Jumla 14,720. Vibao ni gharama ya mara moja, 8,000 na misumari ndani. Hela inatoka kwenye mfuko wa wazazi, sh 500 kwa familia kwa mwaka kwa hiari, nani katoa nani hajatoa hatubandiki popote.

Kilichobaki kibovu: ripoti za mitihani bado anapewa mtoto abebe, na kijana wa saini ana warithi. Tumependekeza ripoti ichukuliwe na mlezi mwenyewe siku ya kufunga, mkuu amekubali kwa kidato cha pili na cha nne tu kwa sasa. Walikuja wengi, wengine wakafika saa 8 ripoti zimeshafungiwa ofisini. Mwezi wa 12 tutapanga kwa kidato, asubuhi na mchana.

Bibi wa dole gumba alikuja. Alikaa na mwalimu wa darasa, akaelezewa kila somo, akauliza swali moja tu: hii D ya Hesabu, saa ya taa inaisaidia au nimpeleke tuisheni? Mwalimu akamwambia aanze na taa, tuisheni wataongea Septemba. Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni anaangalia viatu.

12 Julai. Muhula wa pili

Shule imefunguliwa, baridi kali, mlima hatujauona toka Jumatatu. Toleo jipya limetoka na tarehe za maandalizi ya kidato cha nne, mtihani ni Novemba, na ya kidato cha pili, na tangazo la debe la Agosti kwa herufi 24. Kibao cha kituo cha hiace kimerudishwa, safari hii na waya.

Katika vile vikao vya wazazi wa kidato cha nne limezuka suala la kambi ya usiku, watoto walale shuleni wajisomee. Wazazi wa kiume wanataka, wa kike wanauliza nani analala na mabinti, kuna matroni? kuna choo chenye taa? Mpaka yajibiwe kwa maandishi sitaliweka kwenye karatasi kama tangazo, nimeliweka kama swali.

Faili la karatasi lenye nafasi za kujaza, orodha ya sehemu za vibao na mfano wa barua ya kusajili jina la mtumaji nimeviweka kwenye kompyuta ya steshenari. Shule mbili za jirani zimeshachukua. Anayetaka aje kibandani na flashi, ila aisafishe virusi kwanza, ya mwisho iliyokuja ilinifutia mpaka vipimo vya wateja.